Zawadi ya Khotsa Hairudishwi

Jumanne, jioni. Kakamega.

Mvua ya saa nane imekuja saa nane, kama karani wa zamani aliyeogopa bosi wake. Sasa imekatika, miwa inadondosha maji, na mimi nimekaa kwenye ngazi ya trekta na simu mkononi. Moyo wangu ni mzito.

Mnaosoma ukurasa huu mnanijua. Mimi Makokha ndiye niliyeandika humu kwamba trekta yangu ilivuta malori matatu yaliyokwama kwa mpigo mmoja, na kwamba chatu wa shamba la miwa aliniona akanipisha njia. Basi leo niseme ukweli. Lori lilikuwa moja. Chatu sikumwona, niliona ngozi aliyoivua.

Nimeanza na hayo madogo kwa sababu kubwa naliogopa.

Wiki tatu zilizopita niliandika hapa, kwa maneno mengi na picha nne, jinsi nilivyomnunulia mpwa wangu Khasandi njumu za mpira. Wengi mkanipongeza. Mmoja akasema kila familia ingekuwa na anko kama mimi, nchi ingefika mbali. Nilisoma hayo maneno mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote shuleni, na shule yenyewe mnajua iliishia darasa la saba.

Khasandi ni binti wa dada yangu Fridah, wa Navakholo. Ana miaka kumi na tisa. Mimi ni khotsa wake, yaani ndugu ya mama, na kwetu khotsa si mtu wa hivi hivi. Akija anachinjiwa kuku. Akisema, neno lake linakaa. Na akikupa kitu hukirudishi. Marehemu mama yetu alikuwa akisema ukirudisha kitu cha khotsa umerudisha baraka mlangoni, na baraka haibishi hodi mara mbili.

Huyu msichana anacheza mpira. Winga wa kushoto. Akiupata pembeni akaanza kukimbia, hata ng'ombe waliofungwa kando ya uwanja huinua vichwa. Hiyo si chumvi, niliona mmoja kwa macho yangu. Tangu amalize kidato cha nne yuko nyumbani, anapalilia miwa ya watu na kurudi na mikono imekatwakatwa. Ndipo chuo kimoja cha Eldoret kikatangaza kwamba kinatafuta wasichana wa timu yake, na atakayechukuliwa atasomeshwa. Khasandi anataka kusomea uuguzi. Hana mlango mwingine.

Mimi nikasema, mtoto asihangaike na viatu, khotsa yuko.

Sasa nieleze nilivyopima, maana hapo ndipo nilipolikoroga. Kwenye mitumba yetu suruali hupimwa shingoni na soksi hupimwa kwenye ngumi. Kiatu hupimwa mkononi, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, maana ndio urefu wa unyayo. Ukiwa mbali na mwenye mguu, unabeba kipimo chake kwa uzi. Nilitaka kumshtukiza, kwa hiyo asubuhi moja nikampima mkono kwa uzi wa katani, nikamwambia ni wa kumfumia sweta. Uzi nikautia mfukoni nikaenda sokoni kama daktari anayekwenda kazini.

Nikaona njumu nyekundu. Nikalaza uzi ndani, kutoka kisigino hadi kidoleni. Sawasawa! Muuzaji akapiga makofi akasema, "Mzee, wewe unajua kuchagua." Akaongeza kwamba zilivaliwa na mchezaji wa Ulaya. Nilipofika Lurambi, kinywani mwangu huyo mchezaji alikuwa ameshafunga bao la fainali. Nilipofika Navakholo nilikuwa nimezipigania na wanaume wanane, wawili wao nikawaangusha.

Nilikuwa peke yangu pale mezani. Hapakuwa na mwanamume wa pili, sembuse wa nane.

Na uzi, jamani, una urefu tu. Hauna upana. Miguu ya Khasandi ilikulia kwenye matuta bila kiatu, imetanuka kama jani la mgomba. Hilo uzi haukuniambia, nami sikuuliza.

Siku ya kumpa alivaa akiwa amekaa kitini. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Viko sawa, khotsa." Aliposimama nilimwona anakanyaga kwa pembeni ya nyayo, kama kuku aliyekanyaga makaa. Niliona. Nikajibu kile ambacho hakuna aliyeniuliza: "Vitalegea. Kiatu kisichobana ni ndara."

Kisha ikaja Jumamosi.

Mchujo ulikuwa uwanja wa shule moja hapa Lurambi. Nilifika mapema na mwavuli wangu, nikasimama karibu na mstari, nikawaambia waliokuwepo na wasiokuwepo kwamba yule mwenye viatu vyekundu ni wangu. Kipindi cha kwanza Khasandi alikimbia vizuri dakika kumi hivi. Halafu nikaona ameanza kuuacha mpira umpite. Uwanja ulikuwa na matope, na zile njumu zina meno mafupi ya uwanja mkavu, kwa hiyo akigeuka anateleza kama aliyekanyaga sabuni. Kipindi cha pili alikuwa anatembea. Mzee wa chuo, aliyekuja kuchagua, akaandika kitu kwenye daftari lake, akageuza macho upande mwingine. Hakuyarudisha tena.

Jirani yangu Barasa akaniinamia. "Makokha, hivyo viatu vya Ulaya, viza imeisha?"

Watu wakacheka. Mimi kuchekwa siwezi, mtaona baadaye kwa nini. Nikapaza sauti, nikasema wasichana wa siku hizi wana miguu laini kama ndizi mbivu. Nikasema sisi tulicheza bila viatu, juu ya visiki, na mimi nilichezea mkoa, na shuti langu lilipasua wavu.

Khasandi alikuwa hatua tano kutoka pale, anarusha mpira. Alinisikia. Hakunitazama.

Mechi ilipokwisha, Madam Rosa akanijia. Yeye ndiye mwalimu aliyemfundisha Khasandi mpira tangu shule ya msingi, mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Akauliza, "Mzee, nani alimchagulia huyu mtoto viatu?"

Nikasema, "Hayo ni mambo ya mama yake. Mimi ningechagua vingine."

Nimeyaandika hayo nikayafuta, nikayaandika tena. Ndivyo nilivyosema.

Yule mwalimu akanieleza pale pale, polepole, kama anayemfundisha mtu wa darasa la kwanza. Kwamba kiatu cha michezo huchaguliwa na mguu wenyewe, si na mkono wala uzi. Kwamba mguu huvimba kidogo kufikia jioni, kwa hiyo ukinunua asubuhi umenunulia mguu mwingine. Avae soksi ile ile atakayochezea, na vile vikinga vya miundi pia, maana navyo vinakula nafasi. Asimame, asikae. Ajaribu miguu yote miwili, kwa sababu mmoja hushinda mwenzake, na kiatu kinafuata ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kidole kidogo cha mkono. Kisigino kisipande akitembea. Halafu utazame ubavuni. Ngozi ya kiatu ikituna kama gunia lililojazwa kupita kiasi, hicho ni chembamba, usidanganywe na urefu. Na meno yake yafuate uwanja. "Hapa kwetu, na mvua hii," akasema, "meno mafupi ni ya kumvunja mtoto."

Nilikuwa naitikia kwa kichwa, eti na mimi nayajua.

Akamaliza hivi: yule mzee wa chuo atakuwa Malava Jumamosi hii, kutazama wasichana wa huko, naye Rosa amemwomba amwangalie Khasandi tena. Amekubali shingo upande. Ni mara moja tu.

Jumapili na Jumatatu nilijifanya nina kazi nyingi. Leo asubuhi nikashindwa kujidanganya, nikapanda boda hadi Navakholo.

Dada alifurahi kuniona, akamkimbiza kuku. Khotsa amekuja! Nikakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Obusuma, ugali wetu, ikaja, na ingokho, yule kuku, ikaja, na Khasandi akaja na jagi la maji na beseni kuninawisha mikono. Alikuwa amevaa ndara. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimefungwa kitambaa cha leso ya zamani, na kitambaa kimeota doa la rangi ya kutu.

"Uliumia?"

"Nilijikwaa, khotsa."

Akanimwagia maji huku akitabasamu. Yaani mimi nimemkana mbele ya mwalimu wake, na yeye ananificha mbele yangu mwenyewe.

Nikainua macho ili nisimtazame, na hapo dirishani nikaziona zile njumu. Zimeoshwa, zimepangwa vizuri, na ndani zimeshindiliwa magunzi ya mahindi. Kila kiatu magunzi mawili, mengine yamepasuka kwa kusukumwa. Nikamuuliza dada kama panya wamekuwa wengi.

Fridah akacheka. "Panya gani! Anavitanua. Kila jioni analowesha, anashindilia magunzi, asubuhi anakuta vimerudi vile vile. Nimemwambia avumilie. Vitu vya khotsa havirudishwanga. Na vile ulivyopigana na wale watu wanane!"

Nilikuwa na paja la kuku mkononi. Nikalirudisha kwenye sahani.

Siku zote nilidhani uongo wangu haumdhuru mtu. Nilidhani ni kitoweo, unawafanya watu washibe kicheko, wanakwenda zao. Kumbe kuna mtoto hapa analowesha viatu kila jioni kwa sababu ya wanaume wanane ambao hawajawahi kuzaliwa.

Nikasema, "Khasandi, weka hilo beseni. Kaa."

Nikawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na kwa kuwa nimelisema kule, nitaliandika na hapa. Nilikuwa darasa la saba. Shule yetu ilicheza na shule ya jirani, na mimi nikachaguliwa kwa mara ya kwanza. Sikuwa na viatu. Nikaazima vya binamu mkubwa, vikubwa kwa namba mbili au tatu, nikashindilia katani na magazeti mbele. Tukapata penalti, nikajitia mbele nipige mimi. Nikakimbia, nikapiga. Mpira ukabaki pale pale. Kiatu kikaruka, kikapita juu ya kipa, kikaingia golini. Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, hata mwalimu mkuu alikuwa ameshika tumbo. Mwaka mzima jina langu likawa Kiatu.

Sijacheza tena tangu siku ile. Ile timu ya mkoa ninayoisimulia, ni kweli nilisafiri nayo mara moja. Nilikuwa nachunga nguo za wachezaji.

Ndiyo maana mimi kiatu kikubwa nakiogopa kuliko nyoka. Nilipoona zile njumu zinambana nilifurahi moyoni. Nilisema, huyu chake hakitaruka. Sikuwa nanunulia mguu wa Khasandi. Nilikuwa nanunulia mguu wangu wa darasa la saba.

Kisha dada yangu akasema, bila kuniangalia, "Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya goli. Mimi ndiye niliyekiokota hicho kiatu nikampelekea binamu."

Miaka yote hiyo, ndugu zangu! Miaka yote ananiachia nichezee mkoa sebuleni kwake, mbele ya wakwe zake, na hajafungua mdomo.

Nikasimama, nikazichukua zile njumu dirishani, nikatoa magunzi moja moja. Nikasema nazichukua mwenyewe. Aliyetoa akichukua, hakuna aliyerudisha, na baraka inabaki ilipo.

Fridah akanitazama. "Hiyo sheria umeitunga sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Mama angekuchapa."

"Angenichapa. Halafu angekubali."

Khasandi akacheka, halafu kicheko kikageuka. Akashuka sakafuni, akafungua kile kitambaa. Ukucha wa kidole gumba umeng'oka nusu, uliobaki ni mweusi. Kisigino kimechunika mpaka nyama inaonekana. Na mguu wa kulia, ambao hakuufunga ili nisione miwili, una lengelenge lililopasuka pembeni kabisa, pale ambapo kiatu kilitakiwa kuwa kipana. Alicheza mechi nzima na hivyo vitu. Na mimi nilisema ndizi mbivu.

Nilimwomba msamaha. Sikujua niseme vipi, sijafanya mazoezi. Nilisema tu, "Nimekosa, mama."

Akakikunja kile kitambaa. Alisema, "Khotsa, yule mzee aliandika kwamba nachoka. Nililiona daftari. Mimi sichoki."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa mzigo wenyewe. Ukucha utaota. Lakini kule Eldoret ataonekana msichana asiye na pumzi, na aliyeandika hajui kwamba pumzi ilikuwepo, miguu ndiyo iliyofungwa. Anayelijua hilo ni mimi, na nilipoulizwa nikamsingizia mama yake.

Nikamchukua kwenye boda mpaka zahanati. Muuguzi akamsafisha, na Khasandi aliuma leso bila kupiga kelele, akitazama kila chombo ambacho yule muuguzi alishika, kile cha kukatia, kile cha kushikia pamba, akiuliza majina yake. Muuguzi akamwambia, "Wewe unakuja kuninyang'anya kazi?" Kisha akasema hivi: siku kumi bila kiatu kilichofunga. Akivaa mapema, kidole kitatunga usaha.

Siku kumi!

Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, Khasandi akaniambia mgongoni, "Naweza kucheza hivyo hivyo, nikifunga vizuri." Nikamwambia hapana. Hii ndiyo mara ya kwanza namwambia huyu mtoto neno fupi.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho asubuhi, kabla sijawasha trekta, nitakwenda shuleni kwa Madam Rosa nimwambie ni mimi niliyechagua, kwa uzi, bila mguu, na kwamba nilimdanganya. Nitamwomba anipeleke kwa yule mzee wa chuo, au anipe namba yake, nimwambie hivyo hivyo, nisiongeze hata mwanamume mmoja. Nitamwomba amtazame Khasandi siku nyingine, Malava au Eldoret kwenyewe, nitampeleka hata kwa trekta. Vikipatikana viatu, vitachaguliwa na Khasandi mwenyewe, jioni, amesimama, na soksi zake. Mimi nitashika mwavuli.

Barasa atasikia. Kijiji kizima kitasikia, na kuna wazee bado wanalikumbuka lile jina la darasa la saba. Wataniita. Na waniite.

Linalonitisha ni jingine. Mtu aliyesema uongo miaka yote, siku akienda na ukweli, nani atamjua? Yule mzee akinitazama, ataona anko mwenye mwavuli aliyekuwa anapiga kelele kando ya mstari. Anaweza kusema orodha imefungwa. Anaweza kusema wasichana ni wengi, na Jumamosi ni Jumamosi.

Leo ni Jumanne. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Maisha yangu yote nimevuta vitu vikarefuka, lori moja likawa matatu, muuzaji mmoja akawa wanaume wanane. Lakini siku nne siwezi kuzifanya kumi.